Spageti Mbele ya Mama Mkwe

Watu wa mtaa wetu wa Mbunya huuita mgahawa wangu Kwa Mutaliano, ingawa Mtaliano hajawahi kuingia humu, hata kuuliza njia. Mimi ni Constant, nimezaliwa Nyankunde, na upishi huu nilifundishwa na mapadri niliowapikia ujana wangu wote. Wao walirudi kwao, mimi nikabaki na mapishi yao: spageti kwa mchuzi wa nyanya, lazanya siku za Jumapili, na piza pale jibini inapopatikana kutoka kwa wafugaji wa upande wa Bogoro, maana barabara ile ina siku zake. Meza ni nne. Mke wangu Gracieuse ndiye anayepeleka sahani.

Nataka kueleza habari za Antoine, kwa sababu mtaa mzima umeshamsema, na umemsema vibaya.

Antoine anatunza ghala la saruji karibu na soko. Mifuko hubebwa na wengine, lakini vumbi halina mkubwa, na akifika kwangu jioni huwezi kutenganisha mvi zake na saruji. Huketi meza ya mwisho, uso ukutani, mgongo kwa watu. Nusu sahani ya spageti, bila nyama. Hula polepole, kama mtu anayemaliza kazi iliyoachwa na mwenzake. Mara nyingine uma unabaki hewani, kumbe amesinzia. Ni mwaka wa pili sasa.

Mteja wa kila siku ni baraka, sikatai. Lakini mteja asiyefurahi hata siku moja humchosha mpishi, na mimi hasira zangu ziko karibu. Siku moja nikamwendea.

"Antoine, hii chakula yangu ni dawa? Unaimeza na sura ya muntu anakunywa kinini!"

Akacheka kidogo, akafuta mdomo, akanieleza.

Mama mkwe wake, mama Anastasie, aliukimbia mji wake huko Djugu vita ilipoufikia. Kwanza alikaa kambini na wakimbizi wenzake, chini ya turubai, mvua ikimwingilia na kifua kikimbana, mpaka Falone, mke wa Antoine, akaenda kumchukua. Nyumba wanayopanga ina chumba cha kulala na sebule, basi. Mama analala sebuleni na wajukuu, na humo humo ndimo watu wanakula. Sasa, kwetu mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe. Hamtazami usoni, wala mama hamtazami yeye, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu mwingine. Hiyo si chuki, ni heshima, na wakubwa hatuichezei.

"Sasa chumba cha kulala?" nikamwuliza.

"Nilijaribu, patron. Falone ananiletea sahani ku kitanda kama niko mugonjwa. Mulango ni pazia tu. Mama akisikia natafuna, anatoka inje, anasimama mu mvua. Nikasema hapana, muzee wa watu atakufa sababu yangu. Acha mie ndio nitoke."

Basi akamdanganya Falone kwamba kazini wanawapa chakula. Falone hakusadiki, ila alinyamaza, kwa sababu mwanamke aliyesimama kati ya mama yake na mume wake aseme nini? Kilichomuuma Antoine zaidi ni binti yake Ketsia. Mtoto alimwuliza kama yeye ni malaika, maana katekista alisema malaika hawali. Aliponieleza hilo hakucheka tena, na mimi nilirudi jikoni nikiwa nimechoka kwa niaba yake.

Majirani, kwa kuwa hawakuelewa, walimzulia mwanamke wa nje. Tena mwanamke mwenyewe, nasikia, alikuwa Gracieuse wangu. Mimi mwenye mke nilikuwa wa mwisho kujua, na aliyeniambia ni Gracieuse huyo huyo, akicheka hadi akaketi juu ya gunia la unga.

Maneno yana miguu, yakafika hadi nyumbani kwa Antoine. Alhamisi moja Antoine alikuwa katikati ya sahani yake, akaingia mama mmoja mrefu, mkavu, kitenge amekikaza kiunoni kama aliyekuja kupigana. Akakohoa. Antoine alikijua kikohozi kile, akageuka kwa mshtuko, na uma ulikuwa umeshaingia mdomoni. Bugali, mtu akishtuka, ataifinya kiganjani aifiche. Spageti haina huruma hiyo. Zilimning'inia mpaka kidevuni, asijue azivute au azikate, mwisho akajifunika uso kwa kofia. Mama naye akavuta kitenge kingine cha begani, akajifunika wake. Akapapasa kiti cha meza ya jirani, akaketi, akampa mgongo.

"Baba," akaniambia mimi, "niulizie ule muntu. Ule mwanamuke iko wapi?"

Walikuwa wanasikiana kabisa, lakini ningefanyaje? "Antoine, mama anauliza mwanamuke iko wapi."

"Mwambie mama, hakuna mwanamuke. Iko njaa tu."

Gracieuse alikuwa ameshatoka jikoni, mikono kiunoni, tayari kujitetea. Hakuna aliyemwuliza kitu. Akarudi.

Mama akakivuta vizuri kitenge usoni. "Basi ni mie," akasema. "Mwambie: kama ingekuwa mwanamuke, ningebaki nisaidie mutoto yangu kugombana. Lakini kama ni mie, kesho asubui narudi mu site."

Site ndiyo ile kambi. Nimeiona, najua turubai zake na matope yake, na kifua cha mama huyu nilikuwa nakisikia kikikoroma pale pale. Sikutaka kulibeba neno hilo. Antoine hakungoja nilibebe.

"Mwambie mama asirudi kule. Mie nimezoea."

"Mwambie anaongopa! Kila magaribi mutoto yangu anafunika sahani ya bwana yake, asubui anaigawia watoto. Niko nalala pembeni ya ile sahani, baba. Naiona usiku yote. Ni mie nafukuza muntu mu nyumba yake." Sauti ikamshuka. "Kule kwetu nilikuwa na manyumba mbili, na jiko pembeni. Mukwe akifika, mie naingia ku jiko, yeye anakula kule mbele, hatuonane, tunaheshimiana muzuri. Yote walichoma. Heshima inaomba mulango, baba. Mie sina mulango."

Nilikasirika. Niliwakasirikia wao wawili kwa adabu yao, nikawakasirikia zaidi waliowasha moto ule, na hasira yote haikuwa na pa kwenda. Nikashika tu kiti.

Antoine akavua kofia. Akainuka na sahani yake, akazunguka, akaiweka juu ya meza ya mama, akaketi uso kwa uso naye. Mama akazidi kujifunika.

"Mama," akasema, si kwangu, kwake. "Niangalie."

Kusema kweli, nilitamani kutoka nje ya mgahawa wangu mwenyewe. Mwanamume mzima akazungusha uma, akatia mdomoni, akatafuna. Akatia tena. Mchuzi ulimchafua kidevu, machozi yakawa yanamtoka, naye hakufuta kimoja wala kingine. Alikula mpaka sahani ikawa tupu, na sikuwahi kumwona akiimaliza.

"Nimekula mbele yako, mama. Haya imekwisha, hakuna kitu tena ya kuficha. Sasa utarudi mu site juu ya nini?"

Mama Anastasie akashusha kitenge taratibu. Miaka yote ya ndoa ya binti yake alikuwa akimjua mkwe kwa sauti na kwa miguu. Akamtazama sasa, paji la uso, mashavu, shingo ndani ya kola pana, akamtazama hadi mimi nikaangalia pembeni.

"Kumbe umekonda hivi, mutoto yangu," akamwambia, bila kunipitia. "Na mie sikuonaka. Simama, tuende ku nyumba. Falone ameisha kupika."