Makopo Mawili ya Karanga kwa Ukurasa Mmoja

Na hizi ndevu zangu zenye mvi, nimerudi shule ya watu wazima hapa Kasongo. Asubuhi ninauza karanga sokoni. Saa kumi ninaketi darasani, nimechoka kama baiskeli iliyotoka mbali kule Wamaza na mzigo.

Mwalimu akatupa kazi: kila mutu aandike namna anavyojifunza vizuri, na alivyobadilika mwaka huu. Asiyeandika hapiti.

Sikuwa na nguvu. Nikamwomba Mama Amina, anayekuja darasani na mutoto mgongoni, aniandikie. Alitaka makopo matatu ya karanga. Nikamshusha hadi mawili, nikajiona mjanja. Aliponipa karatasi nilihesabu mistari mara mbili: ishirini kamili. Wateja wangu huonja karanga kabla ya kununua. Mimi hata sikusoma.

“Papa Ramazani,” mwalimu akaita, “simama utusomee.”

Nikasoma kwa sauti ya sokoni: “Mimi ninajifunza vizuri zaidi wakati ninanyonyesha mutoto.”

Vichwa vyote vikainuka kutoka kwenye madaftari.

“Endelea, papa,” mwalimu akasema. “Mutoto iko anashiba?”

Nikamgeukia Mama Amina.

“Nilikuambia kopo tatu,” akanong'ona. “Kwa mbili, nilikopia yangu.”