Kigoda cha Shangazi na Mtu wa Wastani

Shangazi yangu amepakia sabuni kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo amefanya kazi akiwa amesimama juu ya kigoda. Ni mfupi. Mwenyewe husema Mungu alipofika kwenye miguu yake aliitwa akale. Mumewe, marehemu fundi seremala, ndiye aliyemchongea kigoda hicho ili aufikie vizuri mkanda unaoleta sabuni. Pembeni alikata tundu la kushikia, upana wa vidole vinne vya mkewe.

Mimi ni karani wa stoo kwenye kiwanda hicho hicho, na shangazi ndiye aliyeniombea kazi. Nalisema mapema ili nisije nikajifanya msafi huko mbele.

Mwaka jana uongozi ulileta mtaalamu wa kuboresha kazi. Tulimwita Bwana Sekunde kwa sababu ya saa iliyoning'inia shingoni mwake. Alituhesabia hatua, akatuhesabia kuinama, na mlinzi alipokwenda msalani akahesabiwa pia. Kisha akatupima urefu sote: wapakiaji kumi na wawili, wanawake, wengi wao wafupi; wapagazi, majitu yanayoinama mlangoni; madereva, meneja, hata mpishi wa kantini. Akajumlisha, akagawanya, akampata mtu wa wastani. Meza mpya zikachomelewa kwa chuma kumfaa mtu huyo. Zilipofika, tulimtafuta kiwanda kizima tusimwone. Wapakiaji meza ziliwafika kifuani, na wapagazi wakija kubeba katoni iliwabidi wapinde migongo. Aliyeenea sawasawa ni Bwana Sekunde peke yake, naye hakuja kupakia.

"Na kigoda changu nikiweke wapi?" shangazi akauliza.

"Mama, meza hii imepigiwa hesabu. Kigoda hakihitajiki tena. Halafu hakimo kwenye mchoro."

Kisichokuwamo kwenye mchoro kilikuwa hakiruhusiwi kuvuka mstari wa njano uliopakwa sakafuni. Nikaagizwa nikifungie stoo. Shangazi alinikabidhi mwenyewe. "Nitunzie, baba," akasema. Nikakipokea, nikatia kufuli, nikafyata mkia. Naona aibu mpaka leo.

Lengo lilikuwa katoni thelathini kwa saa. Asiyefika aliandikwa ubaoni kwa wino mwekundu, na wiki tatu nyekundu zilimaanisha nyumbani. Shangazi akashuka hadi katoni ishirini na mbili. Jioni mikono ilikataa kabisa kunyanyuka, ikawa binti yake ndiye anayemchana nywele. Wiki ya kwanza nyekundu. Ya pili nyekundu.

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu," akaniambia. "Wakinitoa sasa, nani ataniajiri na kimo hiki?"

Nikarudi stoo.

Wiki ya tatu akapakia katoni thelathini na moja. Jirani yake, thelathini na tatu. Hesabu za meza zote zikapanda kwa mkupuo. Bwana Sekunde akachora mstari unaopaa, akaubandika mlangoni kwa meneja, akatusomea somo la nusu saa kuhusu misuli na mazoea. "Mwili unajifunza," akasema. Alifurahi kweli, masikini.

Furaha ikamtumbukia nyongo nilipohesabu stoo. Katoni kumi na mbili hazikuonekana. Kompyuta haikubali mzigo pungufu, kwa hiyo lori likazuiwa getini, la pili likasimama nyuma yake, na kabla ya saa sita foleni ilikuwa imefika barabarani. Mlinzi akaanza kupekua pochi za wanawake, eti mtu anaweza kutoka na katoni ya kilo ishirini kwapani asionekane.

Meneja, Bwana Sekunde na mimi tukapita meza hadi meza. Wao walitazama rafu za juu. Mimi nilitazama chini, nikaona aproni zilizoshuka mpaka sakafuni, nikaelewa. Nikanyamaza tena.

Shangazi ndiye aliyesema. "Hazijapotea," akasema, akainua aproni. Wenzake wakainua zao. Kila mmoja alikuwa juu ya katoni yake.

"Shukeni! Lori linangoja!" meneja akafoka.

"Tukishuka, nani atafika mezani?"

Bwana Sekunde akasimamisha saa yake; sijui alikuwa akipima nini.

Hakuomba radhi. Aliandika ripoti ya kurasa tisa, na baada ya wiki mbili yakaletwa majukwaa binafsi ya kupandia, kumi na moja mapya kabisa. La kumi na mbili lilikuwa kielelezo alichokichukua stoo kwangu akakitumie kupimia: kigoda cha shangazi, sasa kimepakwa rangi ya buluu na kupigiliwa kibati cha Namba Moja. Tukafundishwa kupanda kwa saa nzima, mguu wa kulia kwanza.

"Unahisi tofauti yoyote, mama?" Bwana Sekunde akamuuliza.

"Kinanuka rangi," shangazi akajibu, huku akiingiza vidole vinne kwenye tundu. Vikaenea.

Ikabidi nikiandikishe kabla ya kumkabidhi. Kompyuta ikanitaka nichague: kipya au kibovu.

"Weka kipya," akasema Bwana Sekunde nyuma yangu.

Shangazi hakumtazama. Alinitazama mimi. "Baba, nilikupa unitunzie."

Nikaiacha kompyuta ikiuliza. Nikakibeba kigoda mwenyewe, nikavuka nacho mstari wa njano, nikakiweka pale kilipokaa miaka kumi na tisa.

"Panda, shangazi," nikamwambia.