Nyimbo za Bi Mwanaima Zilizofika Ubaoni

Saa mbili asubuhi, kijijini Milola. Jenereta inakohoa nyuma ya ghala, na ndani ya ofisi ya chama cha wakulima wa korosho Naima Huseni amesimama mbele ya printa, mkono ameukinga. Kila karatasi inayotoka anaisoma toka juu mpaka chini.

"Binti, majina ya mgawo wa salfa ya mikorosho ni yale yale ya mwaka jana!" mkulima mmoja anampigia kelele dirishani. "Au unamtafuta mchumba humo?"

"Shikamoo, babu. Subiri kidogo."

"Marahaba. Leo hatuchezeshwi ngoma?"

Wenzake wanaangua kicheko. Naima anainamisha kichwa, anasoma karatasi ileile mara ya pili.

Ana miaka 24 na elimu ya darasa la saba. Miaka miwili alifagia ofisi hii huku akimtazama katibu, Mzee Abdulrahmani, akigonga taipu. Wafadhili walipoleta laptop mwaka 2003, mzee aliiogopa. Naima akaomba ajaribu. Sasa ndiyo kazi yake, kwa shilingi elfu thelathini kwa mwezi.

Bibi yake, Bi Mwanaima, ni kungwi. Ndiye anayewafunda wasichana wa hapa, na nyimbo za unyago zimo kichwani mwake tu. Mwaka jana alimruhusu mjukuu aziandike, kwa sharti moja: mwanamume asizitie machoni.

"Nilimwapia," anasema Naima. "Jioni kazi ikiisha naandika wimbo mmoja. Nauhifadhi palepale penye majina ya wakulima. Sikuona tofauti, mashine si ni moja?"

Ikafika siku ya kugawa salfa. Petroli ya jenereta ilikuwa inaishia, wakulima wamejaa uani. Naima akaiamuru mashine itoe kila kilichomo. Mzee Abdulrahmani, hana miwani, akazibandika karatasi zote ubaoni kwa mstari.

"Nilikuwa ndani nazima mashine. Nikasikia wanaume wanacheka, nikadhani mtu kaanguka na baiskeli. Kutoka nje, namkuta Faustino, jirani yetu, anasoma kwa sauti. Yuko wimbo wa tatu."

Naima alizichana zote, pembe zikabaki kwenye pini.

"Ni kama nimevuliwa nguo sokoni. Tena ingekuwa mimi peke yangu, afadhali. Niliwavua mama zetu wote."

Mzee Abdulrahmani hakumfukuza. Alimwambia tu, "Mwanangu, mashine hii ya chama. Ya nyumbani yakae nyumbani."

Bi Mwanaima naye hakugomba. "Nilikupa wewe," alisema. "Sikuupa ubao."

Tangu siku hiyo hakuimba tena mbele ya mjukuu wake.

Naima alifuta nyimbo zote kwenye laptop. Kumi alizokwisha kuandika zimo kwenye disketi moja, ndani ya kasha la bibi, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga ya bibi huyohuyo. Nyingine saba bado hazijaandikwa. Bi Mwanaima amepita miaka themanini.

Kila Ijumaa Naima huenda kumsaidia kutwanga kisamvu. Haombi kitu.

"Ijumaa iliyopita kaniuliza, 'Kile kisahani chako cha kashani hakiingii kutu?' Nikamwambia hakiingii, bibi. Halafu akaanza kuimba puani, wimbo ambao sina."

Na Naima akafanya nini?

"Niliendelea kutwanga, polepole, nisiufunike wimbo. Kalamu nilikuwa nayo, sikuigusa. Siku akisema 'andika', nitaandika."