Kuni Zilizookolewa

Saa nane na dakika ishirini mchana, siku ya Alhamisi, nilikuwa kwenye kikao cha walimu tukijadili rangi ya geti. Ghafla nikasikia harufu ya kuni zilizomwagiwa maji. Nilitoka bila kuomba ruhusa.

Tanuri langu la kuchomea kazi za udongo liko nyuma ya jiko la shule, huku Old Moshi. Nililijenga mwenyewe kwa kufuata kitabu kimoja cha mtumba na ushauri wa wachoma matofali wa Kahe. Sina cheti cha ualimu. Shule imeniajiri kwa mkataba kufundisha uchongaji na ufinyanzi, na wenzangu wanaoitana "Mwalimu" wao kwa wao, mimi huniita "Fundi". Hilo nimelizoea.

Moto niliuwasha saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa nane udongo ulikuwa umeanza tu kuwa mwekundu. Ulihitaji saa tatu zaidi za moto, kisha mdomo wa tanuri uzibwe na usiguswe hadi kesho yake jioni. Udongo uliowaka ukipigwa na hewa baridi hupasuka. Hayo niliyaandika, na kila mwanafunzi wa kidato cha nne alikuwa na nakala.

Ndani mlikuwa na kazi ishirini na sita za alama za mwisho. Msahihishaji alikuwa anakuja Jumatatu. Mojawapo ilikuwa mikono miwili inayochambua mchele, kazi ya msichana wa Kahe. Udongo wake aliuleta kwenye kiroba kutoka kando ya mfereji wa shamba lao. Aliifinyanga mikono ile mara tatu, wiki tano nzima, mpaka ukucha wa dole gumba la kushoto ukawa na ufa kama wa mama yake. Alitaka kwenda chuo cha sanaa. Baba yake alikubali kwa sharti moja: apate A katika somo hili. Akiikosa, atapelekwa kwa fundi cherehani.

Yeye ndiye niliyemwachia moto. Nilimkuta amesimama kando, mikono nyuma. Mhasibu wa shule, mama mmoja wa Machame, alikuwa ameshachomoa magogo yote, anayazima kwa kopo la maji. Mdomo wa tanuri ulikuwa wazi.

"Mama, unafanya nini?"

"Naokoa kuni, Fundi. Nimechungulia, vitu vyako vimeiva, vyekundu kabisa! Unataka viungue?"

"Havijaiva."

"Haya, mimi sijawahi kupika." Akacheka. "Mama yangu angekukuta unaacha gogo la mti wa kahawa linateketea na chungu kimeshaiva, ungelala njaa. Mpishi kule hana kuni za makande, wewe huku unawapikia wanasesere."

Siwezi kusema alifanya kwa ubaya. Katika kila jiko la mlimani chungu kikiiva, kuni huchomolewa, huzimwa, zikangoja kesho. Nami nililelewa hivyo hivyo. Lakini mtu mzima aliyekuta moto wa mwenzake, akaweza kuuliza na asiulize, huyo sikumsamehe siku ile, na leo bado.

Ndani ya tanuri kikasikika kitu: ti. Halafu ti, ti. Nilinyakua bati nikaziba mdomo, nikajaza udongo mbichi pembeni, kiganja kikaungua. Sauti haikukoma.

Mhasibu alipoondoka na mzigo wake wa kwanza, nilimgeukia msichana. Hapo hasira yangu ilikosea njia.

"Nilikuambia nini?"

"Nilimwambia, Mwalimu. Nilimwambia umekataza."

"Halafu?"

"Akasema, 'Shikamoo umenipa sasa hivi, na sasa hivi unanibishia?' Nikampisha."

Nilimfundisha unene wa ukuta wa chungu, rangi za moto, kutoboa tundu ili mvuke utoke. Namna ya kumzuia mtu uliyetoka kumwamkia sikumfundisha. Kwenye zile nakala zangu jambo hilo halikuwemo, na mimi ndiye niliyeziandika.

Tulifungua Ijumaa jioni. Kazi kumi na tisa zilikuwa zimepasuka. Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ulikuwa vipande saba, na ule ufa wa ukucha haukutambulika tena kati ya nyufa nyingine. Mwanafunzi mwenzake mmoja alitaka waugundishe. Msichana alikataa. "Nitaupeleka ulivyo," alisema, akavipanga vipande juu ya gazeti.

Jumatatu msahihishaji aliitazama kazi ile kwa muda mrefu, akauliza nani alichoma. Nikasema mimi. Akaandika: haijakamilika. Matokeo yalipotoka alikuwa na C, na sasa anapiga cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa mjini.

Kabla ya hapo, mwisho wa mwezi ule ule wa moto, niliomba suala lile lijadiliwe kikaoni. Mkuu wa shule alisema tumwelewe Mama, nia yake ilikuwa njema, tusonge mbele. Kisha mhasibu akasimama, akavaa miwani, akasoma taarifa yake ya mwezi. Kuni zilizookolewa: magogo kumi na manne, kila moja shilingi elfu moja. Jumla, shilingi elfu kumi na nne.