Anaogopa choo kisicho na mende

Saa tatu asubuhi, uani kwa Mama Apolonia, mtaa wa Isanga jijini Mbeya, Lusia amepiga magoti mlangoni mwa choo cha shimo, anamulika tundu kwa tochi. Anatafuta mende. Hawaoni.

Anainuka taratibu na kurudi nyuma. Uso umembadilika.

"Baba Gloria, acha hiyo pampu," anamwambia mumewe, Yotamu, anayefunga bomba. "Humu hamna hata mende mmoja."

Wengi wetu tungefurahi. Lusia, mwenye miaka 38, anayeishi kwa kunyonya vyoo, anaogopa. Choo kilichojaa hakikosi mende, hata Juni hii ambapo baridi ya Mbeya inang'ata masikio, maana shimoni kuna joto. Wakikosekana, kuna mtu amemwaga kitu. Mara nyingi ni mafuta ya taa au petroli, na mvuke wake ukichanganyika na gesi ya choo, cheche moja inatosha.

Zamani angenusa tu akajua. Sasa pua yake imekufa. Mwaka wa pili huu hasikii harufu yoyote, hata kitunguu kikiungua jikoni. Wananusa kwa pua ya Yotamu, na leo Yotamu ana mafua, kamasi zinamchuruzika tangu juzi.

"Mama, umemwaga nini humu?" Lusia anamuuliza mwenye nyumba.

"Sijamwaga kitu, mwanangu. Nyie anzeni tu, wapangaji wanateseka."

Ndipo mwandishi wa makala haya, aliyesimama mbali na leso puani, anapoitwa. "Kaka, pua yako nzima? Njoo unuse."

Hakuna pa kukimbilia. Mwandishi anainama, ananusa. Nyuma ya harufu anayoitarajia ipo nyingine, kali, ile ya kituo cha mafuta.

"Petroli," anasema, na kurudi nyuma haraka.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye ujia wa vyumba, mpangaji aitwaye Benedicta anakaanga maandazi kwa jiko la mkaa. Akisikia neno petroli, anafanya jambo ambalo wengi wetu tungefanya: analitua karai, analikwapua jiko na kukimbilia nje nalo. Tatizo ni kwamba njia ya kwenda getini inapita mlangoni mwa choo.

"Weka chini!" Lusia anapiga kelele. "Dada, hapohapo! Usije huku!"

Benedicta anaganda. Upepo unachochea makaa, cheche zinaruka. Anainama polepole mno, analiweka jiko chini, na Yotamu anazunguka na ndoo ya mchanga na kulifukia.

"Mungu wangu, wanangu wamelala humo ndani," anasema Benedicta, kisha analia kwa sauti.

Watu wote wanatolewa nje, watoto wakiwa wamefunikwa mashuka. Ni huko barabarani ambako Lusia anamtaja kaka yake.

Kasian alikuwa akifanya kazi hii mjini Iringa. Siku moja mwenye nyumba alimwambia hajamwaga kitu. Umeme ulikuwa umekatika, naye akawasha kiberiti aone shimo limejaa kiasi gani. "Alilala hospitali siku nne," anasema Lusia. "Alikuwa na miaka ishirini na tisa."

Watu humuuliza kwa nini akaishika kazi iliyomuua ndugu yake. Yeye huwajibu kwa swali: "Umewahi kuuza nyanya sokoni Ilula, kule Iringa? Bei ikianguka unazimwaga ukiwa unaziangalia. Vyoo vinajaa kila mwaka." Yotamu alikuwa mwenzake Kasian kazini. Baadaye yeye na Lusia walioana, wakahamia Mbeya.

Huku milimani gari la majitaka halipandi. Wapo wanaosubiri mvua kubwa watapishe vyoo, uchafu ushuke na maji hadi kwa jirani wa chini. Lusia na Yotamu wananyonya kwa pampu ya mkono bila kuingia shimoni, wanajaza mapipa yenye mifuniko na kuyapeleka kwenye mabwawa ya majitaka kwa pikipiki ya matairi matatu. Pipa moja ni shilingi 25,000, na karibu nusu yake huishia kwenye usafiri.

Mama Apolonia anakuja akiwa ameshika kanga mdomoni.

"Nisamehe, mwanangu. Nilimwaga jana, lita nzima. Niliona aibu mje mkute mende, mseme kwangu ni kuchafu."

Lusia anamgeukia.

"Mama, nimekuja kunyonya kinyesi chako. Mende ndio wanaokutia aibu?"

Mtu anacheka, halafu wote wanacheka, hata Benedicta. Lusia hacheki. Anaagiza choo kiachwe wazi na moto wowote usiwashwe uani.

Baada ya muda Yotamu anapendekeza waanze. Upepo umepita, anasema, na siku itapotea bure.

"Ipotee," Lusia anamjibu. "Hilo shimo siligusi mpaka mtu mwenye pua aniambie petroli imeisha. Na huyo mtu si wewe."

Wanakusanya vifaa. Kikundi chao cha akiba kinachangia kununua kifaa cha kupima gesi, kile kinacholia chenyewe hatari ikiwepo. Bado hawajafika hata nusu ya bei.

Mwandishi anamuuliza ana mpango gani wa baadaye. Lusia anafikiri, akimwangalia Yotamu anayepenga kamasi kando ya pikipiki.

"Kuzeeka," anasema. "Nataka nizeeke, kaka. Niumwe magoti, nilalamike mpaka wajukuu wanichoke."