Maandishi Makubwa Kila Asubuhi

Wiki nzima nawakwepa wenzangu ofisini, na sababu ni hii.

Ofisi yetu ya uchapaji ipo Mikocheni, ina kompyuta kumi na mbili. Wachapaji walilalamika kwamba maandishi ni madogo, na hata yakikuzwa, kesho yake yanarudi yale yale. Mie fundi wao nikaandika skripti, programu fupi ya kukuza maandishi kwenye mashine zote kila asubuhi kupitia mtandao. Tangu siku hiyo, nikifika nakuta maandishi makubwa kila mahali. Nikaanza kutembea kifua mbele. Bosi naye akaalika wageni waje wajionee.

Siku wageni walipokuja, maandishi yalikuwa madogo kama punje za ulezi. Nikaiendesha skripti mbele yao mara tatu, na hakuna kilichobadilika.

Hapo akaingia Mama Shufaa, mhudumu wetu wa usafi, akihema. Sikuwahi hata kumwamkia.

"Nisamehe mwanangu, leo nimechelewa."

Akaweka ndoo chini, akakaa kwenye kompyuta ya kwanza, akabofya mara nne, maandishi yakanenepa. Akahamia ya pili. Vidole vile vya kukamua matambara vilikimbia kuliko vyangu.

"Mama, kumbe ni wewe?" bosi akauliza.

"Kila asubuhi, nikishafuta vumbi. Nilimwona huyu fundi akiyakuza kwa mkono mara moja tu, nikashika."

Kisha akanigeukia kwa upole.

"Hata ya kwako, mwanangu, naiwekaga mie."