Breka ya Hema la Nne

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya umeme kwenye kambi ya watalii, ufukweni Galu, Fundi Mkuu hakunipa hata bisibisi. Alinitembeza kwenye mahema alfajiri, yote meupe, yakivuta pumzi kwa upepo kama watu waliolala, nami nikajiona bado niko ndotoni.

“Nyumba ina ukuta, hema lina umande,” akaniambia. “Waya wa ekstensheni ukunjue wote, ukiuacha umeviringwa utashika moto. Maungio ya plagi yasiguse mchanga. Na breka hii hukata umeme ukivuja. Usiichezee, mwanangu!”

Miaka ikapita kama usingizi mtamu. Fundi Mkuu akastaafu, nikakalia kiti chake. Ndipo breka ya hema la nne ikaanza kukata kila asubuhi. Nikapima waya, birika, taa, nisione kitu. Siku ya tatu Meneja, mtu wa bara, akaja juu.

“Mzee, wageni wanalalamika simu hazina chaji! Toa hiyo kitu bana, unganisha moja kwa moja.”

Wallahi nilikuwa nimechoka. Nikazima swichi kubwa, nikafungua kifuniko cha breka. Bisibisi iko mkononi, namwona Bi Mwanasha, msafishaji wetu, jirani yangu wa kijijini Munje, anakuja pekupeku na ndoo yake. Akafanya tunavyofanya sote huku kabla ya kufagia: akachota maji kwa kiganja, akanyunyizia mchanga wa mlangoni vumbi litulie. Mengine yakaangukia mkeka.

Chini ya mkeka ule palikuwa na maungio ya waya. Niliyaficha mwenyewe, wageni wasijikwae.

Yarabi! Kumbe kila asubuhi maji yalipenya humo, yakakauka kabla sijaja kupima, na breka ilikuwa ikimwokoa mama wa watu, na mimi nataka kuing'oa.

Nikakifunga kifuniko, nikautundika waya juu kwenye nguzo, maungio nikayatia ndani ya kisanduku kisichopitisha maji. Meneja nikamwambia breka haitoki ng'o. Bi Mwanasha akacheka, “Ahsante kaka, sasa nitafagia bila kujikwaa na waya.”

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza habari za hema na umeme, nawaeleza yote, hili nalitaja kwa aibu. Bi Mwanasha mwenyewe hajui kuwa nusura niing'oe ile breka. Kila asubuhi hupita uani kwangu.

“Umeamkaje, kaka?”

Nafumbua mdomo nimwambie.

“Salama, dada,” nasema.

Naye anakwenda zake.